Mpaka wa Upande wa Mtoni

Kagoma, 9 Juni 2024

Mwanangu Gozbert,

Hamjambo hapo Nyanga? Sisi tunapumua. Magoti yangu ni yale yale, na baba yako tangu apate kiharusi Kiswahili kimemtoka chote, kimebaki Kihaya.

Jirani yetu Nathanieli amezidi. Ameng'oa miramula, ile mimea yetu ya kuonyesha mpaka, upande wa mtoni, amepanda migomba yake. Anayejua mpaka ulipopita ni baba yako peke yake. Nilimwambia anielekeze tukiwa tumekaa, amekataa, anasema mpaka huonyeshwa kwa kuutembea, na mimi huko sifiki. Nimekuita mara tatu, unasema mitihani. Basi anamtaka binti yako Penina, kwa kuwa ndiye aliyemrithisha kibanja, shamba hili la nyumbani. Ila Krismasi mtoto huyo alimsalimia "Hai Babu", na babu alipomjibu kwa Kihaya, mtoto akanitazama mimi nimtafsirie. Darasa la pili alikuwa anaongea Kihaya vizuri. Mmekipeleka wapi?

Mama yako

Nyanga, 13 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Hatujambo, ila mitihani ya majaribio inanimaliza. Penina anakuja na basi la Jumamosi.

Habari ya Kihaya tulishaizungumza, Mama, nimechoka. Shuleni kwangu anayekiongea anavaa kibao cha adhabu shingoni mpaka jioni. Mimi ndiye mwalimu mkuu, nikimwachia wangu wazazi watasemaje? Mwaka jana alikivaa kwa kukusalimia wewe kwenye simu ofisini kwangu. Alilia, hajarudia. Kesho na keshokutwa atanishukuru. Msalimie Baba.

Mwanao Gozbert

Kagoma, 7 Julai 2024

Gozbert,

Sukari uliyotuma imefika. Mimi sijambo, kama kula ndiko kuwa mzima.

Kikao cha ukoo kilikaa jana, wewe ulipomzika tu baba yako ulikimbilia mitihani. Nathanieli alileta mashahidi wawili. Mzee Avit akamuuliza Penina, kwa Kihaya, halafu kwa Kiswahili, babu alimwambia mpaka unapita wapi. Mtoto akalia. Anasema walifika kwenye mibuni, miguu ya babu ikagoma, babu akanyoosha fimbo kuelekea mtoni akaeleza mpaka jua likawa kali. Kila aliponyamaza, yeye aliitikia "eego", ndiyo, maana ndilo neno pekee alilobaki nalo, na aliona aibu kumkatiza mgonjwa.

Siku ile baba yako alirudi anacheka. Alimaliza sahani nzima ya ndizi, akaniambia mtoto ameshika kila kitu. Amekufa anaamini hivyo, na mimi nilifurahi naye. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko shamba.

Nathanieli amepewa shamba lote la upande wa mtoni mpaka kwenye mibuni. Penina anabaki kwangu likizo hii, na usimgombeze, kosa si lake.

Kile kibao chako mpe dereva wa basi aniletee. Mpaka mpya hauna alama, nitakisimika hapo.

Mama yako