Dua Niliyomwombea Angela

Alhamisi, 6 Oktoba 1994

Mbele ya daftari hili ni mahudhurio ya jumuiya. Huku nyuma ni kwangu peke yangu. Ukatibu nao una faida yake.

Angela kapata kazi! Ghalani, kwa yule mnunuzi binafsi aliyekuja na soko huria. Anapasua korosho, anaangalia kiini, anasema hii daraja la kwanza, hii la pili. Kazi yangu hiyo! Miaka kumi na mmoja tulikaa meza moja kiwandani, mimi msimamizi, yeye hata kisu hajui kukishika. Nani alimfundisha? Mimi. Nani mama wa ubatizo wa Stefania wangu? Yeye. Kiwanda kikafungwa, wote tukatupwa nje. Mimi nakaanga korosho stendi, moshi unanitoa machozi – yeye kaenda kimyakimya kujitafutia. Hakuniambia hata neno!

Leo jumuiya ilikuwa kwangu. Rozari tumesali vizuri tu. Ikafika zamu ya kila mtu kutoa ombi lake kwa sauti. Nikajisikia nasema: Ee Bwana, tunawaombea wale wanaopata kazi kwa kujipitishapitisha mbele ya wanaume, uwaongoe. Halafu wote: twakuomba utusikie. Na Angela akaitikia! Aliitikia kabla hajaelewa. Kisha nikamwona anaelewa.

Kwenye kumbukumbu nimeandika: Maombi yalitolewa.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nilidhani nitapumua. Wapi! Moyo unanienda mbio tangu alfajiri. Nimeunguza sinia zima. Nikichelewa stendi, wasiwasi. Nikiwahi, wasiwasi. Stefania akikohoa, wasiwasi. Kaniuliza mama mdogo Angela kafanyiwa nini, kapishana naye njiani analia. Nikamfokea mtoto bure.

Jumapili, 9 Oktoba

Padre kasema tupeane amani. Angela alikuwa benchi la mbele yangu. Kageuka, kampa mkono aliye kulia kwangu, kampa aliye kushoto kwangu, mimi kaniruka! Mkono wangu ukabaki hewani, kanisa zima linaona. Ningeweza ningemvuta hicho kitenge chake! Mungu nisamehe. Komunyo sikupokea. Nimekasirika naye, nimekasirika na padre, na Wewe pia, kama unataka kujua.

Nje, katekista Optatus kaniita pembeni. Kasema naonekana sina raha. Niombe neema ya kuwa radhi na nilichonacho, ndipo amani itakuja. Radhi! Yeye ana baiskeli ya parokia. Mimi niwe radhi na kikaango?

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimeomba radhi asubuhi. Nimeomba radhi jioni. Hamna kitu.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimekwenda ghalani nimwambie huyo bosi kazi hii naijua kuliko Angela. Sikuvuka geti. Mlinzi ni mzee Romani, tulikuwa naye kiwandani. Kanizuia. Kasema nirudi nyumbani, maana Angela alipokuja kuomba kazi alinitaja mimi kwanza, yeye Romani alisikia kwa masikio yake. Bosi akauliza: yule wa stendi, mwenye mdomo? Akakataa katakata.

Nikamuuliza bosi ana sura gani. Mnene, miwani ya jua.

Lo! Kumbe ni yule! Mwezi wa nane alikuja akabonyeza korosho zangu moja moja, akala nne, akaondoka bila kununua. Nilimtukana mpaka makondakta wakapiga makofi.

Kumbe kazi nimejinyima mwenyewe. Na Angela nimemvua nguo mbele ya watu kwa kosa la kunitetea. Sasa hasira hii naiweka wapi? Nimerudi nayo nyumbani.

Jumatano, 12 Oktoba

Bi Mwanaima, jirani, alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ya juujuu. Akasema kati yetu ni ua wa makuti tu, ile dua ya Alhamisi aliisikia. Akauliza kama kwetu mtu akisimangwa kwa dua wote huwa tunaitikia. Aibu!

Nikamwambia tangu Jumapili naomba radhi, siipati. Unaiomba kwa nani? Kwa Mungu, nikasema. Akatikisa ungo wake: "Aliyekosewa yuko mtaa wa pili, mwanangu. Radhi yako anayo yeye."

Ebo! Optatus alisema kuwa radhi, kuridhika. Bi Mwanaima kasikia kuomba radhi. Neno hilohilo! Nilitaka kumsahihisha. Sikumsahihisha. Nimeshinda nalo kutwa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Jumuiya leo kwa Angela, saa kumi. Nimekuja saa tisa, makusudi. Njiani nimegeuka mara mbili nirudi. Nimelikasirikia jua, nimeukasirikia mchanga.

Hodi. Hakuna aliyesema karibu. Nikaingia hivyo hivyo. Anafagia uani. Nikasema yote nimesimama: stendi, bosi, Romani, dua. Nikamalizia: Angela, niwie radhi.

Akaendelea kufagia. Akafagia mpaka miguuni kwangu, ufagio ukanigonga vidole. Ndipo akauliza ile dua niliisemea wapi. Jumuiyani, nikasema. "Basi dada Tekla, na hiyo radhi utaiomba hukohuko. Wakusikie wote."

Mbele ya wote! Mbele ya Optatus! Mbele ya mama Kornelio, ambaye habari haikai kwake hata usiku mmoja! Hasira imenipanda hadi masikioni. Nikakwapua daftari langu, nikafika mlangoni. Nikasimama.

Ajabu – moyo hauendi mbio. Leo siku ya saba, ndiyo mara ya kwanza. Nimekasirika, ndiyo, nimekasirika sana, lakini huku ndani kumetulia, mithili ya sufuria iliyoepuliwa. Sijui kama ndiyo yenyewe niliyokuwa naiomba. Namna hii sikuiomba!

Nikarudi, nikakaa. Naandika haraka, wanaanza kufika. Optatus anaegemeza baiskeli ukutani. Mama Kornelio huyo, anauliza mbona katibu kawahi leo. Angela kanitandikia mkeka mbele kabisa, chini ya picha ya Bikira Maria, pasipo na pa kujificha. Kasema kwenye maombi nitaanza mimi.

Sijui kama ataitikia.