Aya ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Faili la ombi la ujenzi limetua mezani kabla sijaweka hata mkoba chini. Ghorofa nane: maduka chini, nyumba za kupanga juu, maegesho ya magari nyuma. Mkuu wa idara ya mipango miji anasema ni kazi nyepesi — kamati inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, nipitie tu, niandike ripoti. Nikakunjua ramani. Kumbe ni pale palipokuwa na ghala la mbao! Na pembeni kijisanduku kidogo chenye namba tu. Kijisanduku hicho ni nyumba ya Shangazi. Humo ndimo nilimolelewa tangu nina miaka sita.

Nikakunja ramani, nikairudisha ndani ya faili.

Jumanne, 4 Machi

Kwenye kiwanja, mimi na mpima ardhi wa ofisi. Kwenye ramani ya wenye mradi mtaro haupo. Wameuchora bustani! Mtaro unaoteremsha maji ya mtaa wote wa juu. Tumevuta tepu: mita tatu na nusu upana, na kingo zake bado zina alama za matope ya mvua zilizopita. Wakiufukia, maji yatapitia mlangoni kwa Shangazi. Hayana pengine pa kwenda.

Naye huyo akatokea, beseni la nguo kiunoni. "Wee mtoto, umekuja kupima au kushangaa? Njoo tukamue shuka." Mpima akanigeukia. Mnajuana? Nikacheka kama zuzu, nikasema wazee wa mtaa huu humwita kila mtu mtoto.

Shangazi alisikia. Akaingia ndani na beseni lake.

Alhamisi, 6 Machi

Ipo fomu ya kutangaza maslahi. Ukurasa mmoja tu. Afisa mwenye ndugu jirani na mradi anaijaza, faili linahamia kwa mwenzake. Mwenzangu ni Bwana Sawa — tumempa jina hilo maana ndilo neno pekee analoandika. Leo nimemchokonoa kidogo kuhusu mtaro. Mtaro gani, akasema, si bustani ile? Hata kiwanja hajakanyaga!

Nikijaza, mtaro unafukiwa. Nisipojaza, navunja kanuni ambayo mimi mwenyewe nilimfundisha karani mpya mwezi uliopita. Fomu nimeitia drooni. Nimeitoa. Nimeitia tena. Mchana nimekula peke yangu, sijui hata nilikula nini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekabidhi ripoti. Aya ya nne: mradi usipitishwe mpaka mtaro urudi kwenye ramani na jengo lisogee mita sita. Fomu sikujaza. Nimejiambia mtaro ni mtaro, hata kama pale angekaa mtu nisiyemfahamu. Nusu yangu inaamini.

Saa nane mkuu kaniita. Mlango kaufunga mwenyewe. Upole wake ndio ulionitisha.

"Aya ya nne itoke."

Nikamwambia mtaro upo, bosi, nimeupima kwa mkono wangu.

"Hilo sijauliza. Yule mama aliyekuita mtoto ni nani wako?"

Kumbe mpima kapeleka maneno! Mkuu akanieleza taratibu kabisa: aya itoke, la sivyo swali hilo litaulizwa mbele ya kamati, na ripoti nzima itaonekana ya mtu anayetetea kwao. Kazi nitapoteza, na mtaro utafukiwa vilevile.

Kote nimebanwa. Kote!

Jumatano, 12 Machi

Kwa Shangazi, baada ya kazi. Tangazo la kikao limebandikwa kwenye ukuta wake, naye keshapanga kuja kusema. Nikamsihi asije. Pasi ikasimama hewani.

"Kwa hiyo ninyamaze, nyumba yangu ijae maji, ili wewe usionekane una kwenu?"

Ikabidi nimweleze yote. Mpima, mkuu, ile fomu. Alinyoosha gauni zima bila kuniangalia. Kisha akauliza jambo moja: wakikufukuza, nani mwingine atakayesema mtaro upo? Akachomoa pasi.

Alhamisi, 13 Machi

Aya bado imo. Si ushujaa. Mkono umekataa tu kuifuta.

Ijumaa, 14 Machi

Mapumziko ya dakika kumi. Naandika kwenye benchi la koridoni, daftari gotini.

Shangazi kaja. Kasimama, kaeleza maji yalivyomfika magotini, ndani, chumbani. Mkuu akamnong'oneza mwenyekiti. Na mwenyekiti: "Mama, kabla hujakaa. Una undugu na afisa yeyote hapa?"

Akanitazama. Mtu aliyenisuka nywele kila Jumapili mpaka naingia chuo!

"Sina," akasema. "Huyo binti hata jina lake silijui."

Sauti haikutikisika. Akakaa.

Baada ya mapumziko naulizwa mimi, na jibu linaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Nikisema kweli, nimemfanya mwongo mbele ya mtaa wake wote. Nikimuunga mkono — mpima kakaa mstari wa pili, mikono kifuani, anasubiri.

Shangazi yuko mwisho wa benchi hili hili. Hatua tatu. Anatazama ukuta.

Mlango umefunguliwa. Ameinuka kwa shida, goti linamsumbua. Nimemshika mkono bila kufikiri. Akautoa wangu polepole, kidole kimoja kimoja.

"Asante, afisa," kaniambia. Kaingia.

Karani ananiita. Mara ya pili sasa. Nitajibu: nina —