Jina Nililopewa na Panya

Mume wangu uliyelala Ilemela,

Leo mama yako ameniuliza tena, "Mama Masanja, mtoto bado hajarudi kutoka shule?" Niliinamia ungo, nikaendelea kupanga michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye nawe hutanijibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini, kutoka nyumba ya panya ya daktari wa serikali? Nguo zako zilinuka mpaka nikawa nakutuma ziwani ukaoge kwanza ndipo tusalimiane. Majirani walicheka kwamba serikali inakulipa ufuge kile ambacho wao wanakiua. Hukujali. Ulikaa jikoni ukanisimulia uliyoonyeshwa kwenye darubini: panya jike ana ovari mbili, hata punje ya mtama ni kubwa kuliko hizo, na ndani yake mna vifuko vingi, kila kimoja na yai lake. Vinaanza kukua kwa pamoja, vingi vinanyauka njiani, vichache tu vinajaa maji, vinapasuka na kuachia yai.

"Na baada ya siku chache vinakua vingine," ulisema. "Hawachoki hawa!"

Nilicheka nawe, lakini moyoni niliwaonea wivu panya. Nilikuwa nimekaa kwako misimu mingi ya mavuno, na tumbo langu lilikuwa kimya.

Halafu siku zangu zikachelewa. Ukaniomba mkojo wa asubuhi, bila haya, haya zote ukaniachia mimi. Ulisema mkojo huo hudungwa panya jike wachanga, ambao bado hawajapevuka. Mwanamke akiwa na mimba, ovari za panya hao huamka kabla ya wakati. Ukaondoka na chupa umeifunika kwa kofia.

Siku ya majibu nilikusikia kabla sijakuona. Ulikuwa juu ya mawe, unapaza sauti: "Mama Masanja! Mama Masanja!" Mtoto wa tumboni ulimpa jina la marehemu baba yako mbele ya mtaa mzima. Mama yako alikuja kutoka Nyegezi kwa miguu, akanishika tumbo, akaniita hivyo hivyo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi vile.

Kisha damu ikaja.

Ulikwenda kumuuliza daktari, ukarudi taratibu. Siafu walikuwa wamewamaliza panya wachanga, na daktari, kwa kutotaka kukurudisha mikono mitupu, akawadunga wakubwa. Kumbe panya mkubwa haulizwi swali hilo. Vifuko vyake hukua vyenyewe, umdunge mkojo wangu au maji ya ziwa. "Yule panya alikuwa anasema habari zake mwenyewe," ulisema, ukalia. Mimi sikulia. Nilikaanga sato, wakaungua.

Jina ndilo lililotushinda. Kwetu jina la mtoto likishaitwa hadharani, nani atapita nyumba kwa nyumba kulirudisha? Ulijaribu kuniita kwa jina langu la usichana, likakukwama mdomoni. Kwenye kuteka maji, wengine waliniita Mama Masanja kwa huruma, wengine kwa kejeli, na wote niliwaitikia. Mimba ya kweli haikuja. Vita ya Wazungu, ile ya pili, ilipoanza, homa ikakuchukua, na nyumba ya panya ikafungwa.

Sasa naishi na mama yako. Macho yake yamefifia na akili yake inatangatanga. Amesahau kwamba ulikufa. Amesahau ile damu. Masanja hajamsahau. Huwa namwambia taratibu kwamba hakuna mtoto, naye hulia kama aliyepokea msiba leo. Kukipambazuka, anauliza upya. Nikinyamaza, analia kwamba mjukuu amepotelea mawe ya ziwani na mimi nimekaa tu. Nifanye nini, mume wangu? Nimechoka. Hata kumkasirikia nashindwa, maana katika dunia hii yote ni yeye peke yake anayeniita jina hilo kwa kuamini.

Jana alimwekea Masanja kiazi kwenye bakuli, akalifunika kwa kipande cha kanga. Leo asubuhi nilikikuta kiazi kimekauka. Nikakaa jikoni, pale pale ulipokuwa ukikaa, nikakila chote.

Akaja akipapasa ukuta, akagusa bakuli.

"Amekula?"

"Amekula, mama."

Akacheka, akanipigapiga begani, akasema nimelea vizuri.

Pumzika, mume wangu. Mimi huku bado naitika.

Mkeo,
Mama Masanja