Jina la Tano

Mama yangu,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe na wote hapo Kibuyuni. Mgongo unaendeleaje? Usinijibu "sijambo" tu kama ufanyavyo kwenye simu, maana najua bamvua likifika, maji yakapwa mbali, hukosi majini na kamba zako za mwani. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Uingereza imenipasua midomo.

Juzi uliniambia nisigombane na bosi kwa ajili ya jina lako. Mama, nimeshagombana. Kwenye simu sikukueleza yote, basi sikiliza tangu mwanzo.

Kazi yangu unaijua, kupanga makala za wataalamu kabla hazijachapishwa. Ikaja moja ya kilimo cha mwani. Kule mwisho, mwandishi anapotaja kazi za wengine alizozisoma, nikakuta ule utafiti mlioufanya hapo nyumbani na watu wa chuo. Waandishi sita. Wa tano ameandikwa "Zuhura, M." Nikasema, lo, huyu tena ni nani? Kumbe walikuuliza jina nawe ukawajibu Mama Zuhura, kama uitwavyo na mtaa mzima, wakadhani Mama ndilo jina lako na Zuhura ni la ukoo! Nilicheka peke yangu hapa, halafu nikalia. Nikamwandikia mkubwa wao, akaomba radhi na kusahihisha: Mwanakombo Juma.

Lakini kompyuta zetu zimewekwa hivi: majina yakizidi matatu, yaliyobaki hukatwa, pakaandikwa "na wenzake". Basi nikaingia kwenye mpangilio, nikaondoa tatu nikaweka sita, ukatokea wewe mzima mzima. Bosi akaja juu: "Rudisha. Ndio utaratibu wa jarida." Nikamwambia awaulize wenye jarida kwanza. Akasema hakuna msomaji mwenye haja na jina la tano.

Thubutu! "Mimi ninayo haja," nikamjibu. "Huyo wa tano ndiye aliyewaonyesha mbegu inashika wapi na inaoza wapi." Amenipa mpaka Jumatatu nirudishe tatu yake, la sivyo nikatafute kazi kwingine.

Sirudishi ng'o. Akitaka kukukata, akukate kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wangu. Tangu nilipozaliwa umeitwa kwa jina langu, hata na Baba, na lako likakaa kimya. Wallahi inaniuma. Kazi nitapata nyingine, inshallah.

Nisalimie Baba, na mdogo wangu Salimu, mwambie aache uvivu wa kunipigia. Shangazi Mwanaidi wa dukani mpe salamu zake peke yake, asije akanuna. Na kina mama wote wa kikundi, waambie nimewakumbuka.

Bahasha nimeiandika Mwanakombo Juma. Atakayeileta akiliita jina hilo hapo uani, usigeuke kumtafuta mwingine. Itika.

Mwanao akupendaye,
Zuhura