Maharagwe ya Saa Tisa

Jumamosi, 8 Januari 1972
Leo nimefundisha. Mimi! Misi Wanjuhi, anayetunza maktaba ya kambi yetu ya wachuma chai, alisema nitashika rejista tu, halafu akanisukuma mbele ya wasichana tisa. Sauti ilinitoka kama ya mgonjwa. Kitabu cha mapishi tulichopewa kina picha nzuri, lakini kila ukurasa unataka oveni. Beldina, binti wa dereva wa trekta, akauliza kwa sauti kubwa ni nani kambi nzima ana oveni. Wote wakacheka. Nami nikacheka.
Ndani ya maktaba moto hauruhusiwi hata kidogo. Nyumba ni ya mbao. Basi tukatengeneza kachumbari. Chumvi nilisahau.

Jumatano, 12 Januari
Misi amenionyesha jambo la ajabu. Unachemsha maharagwe nje, kwenye jiko, nusu saa. Kisha unaweka sufuria na mfuniko wake ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa majani makavu ya mgomba. Unafunika kwa blanketi. Unaacha saa nne. Yanaiva yenyewe! Sharti ni moja — usifunue. Ukifunua, joto linatoka, kazi yote bure.
Nilimwambia Mama. Akaniuliza kama maharagwe siku hizi yanaatamiwa kama mayai.

Jumamosi, 15 Januari
Aibu.
Sufuria iliingia kikapuni saa nne asubuhi. Saa sita Mama Jerusa, jirani yetu, alikuwa anapita akaingia kutusalimia. Kwetu Kisii mgeni akikuta chakula kinapikwa haambiwi "bado". Unafunua, unampakulia kilichopo. Wasichana wakanitazama. Nami — sikufikiri hata kidogo — nikatoa blanketi, nikafunua, nikampakulia.
Kokoto. Mama Jerusa alitafuna polepole, akasema yana ladha nzuri. Alipotoka tu Beldina akasema, "Mwalimu, umelisha mama wa watu mawe!"
Tulifunika tena. Saa nane yalikuwa mawe vilevile. Misi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 22 Januari
Hakuja mgeni. Yameiva! Wakonyo, mmoja wa wasichana, amepakua mara tatu. Leo walikuwa wasichana kumi na saba, na wawili walikaa sakafuni.

Alhamisi, 27 Januari
Misi Wanjuhi anaolewa. Atahamia Nyeri mwisho wa mwezi ujao. Amemwambia Bwana Osoro, ofisa wa maslahi ya wafanyakazi, kwamba mimi nishike nafasi yake. Bwana Osoro akajibu (Misi anamwiga vizuri sana, mpaka kikohozi) kwamba huyo msichana hata salamu haitikii ikasikika, atatunza chumba namna gani? Tena makarani wanakitaka chumba chenyewe wachezee dati, ule mchezo wa kurusha vishale ubaoni.
Atakuja Jumamosi tarehe tano, saa tisa, aone darasa na kuonja. Akiridhika, kazi ni yangu na darasa litaendelea. Asiporidhika, chumba ni cha makarani.
Mama naye ameshanipeleka kwa nyapara. Matokeo ya mtihani wangu wa Fomu Foo hayajatoka, na hawezi kunilisha nikiyangoja. Jumatatu tarehe saba naanza kuchuma chai, nisipopata kazi nyingine. Hakusema kwa ubaya. Aliniambia tu nikate kucha.

Ijumaa, 4 Februari
Nimeloweka maharagwe. Nimefanya mazoezi ya kusema "Karibu, Bwana Osoro." Kuku mmoja amegeuka kunitazama. Ni mwanzo.

Jumamosi, 5 Februari
Naandika hapa hapa maktaba, kwenye meza ya rejista, ili mikono ipate kazi.
Makaa yalikuwa na unyevu, jiko likachelewa kushika. Sufuria imeingia kikapuni saa tano kamili. Hesabu ni sawa: yataiva saa tisa, saa ile aliyosema Bwana Osoro. Lakini amefika saa saba na nusu! Mkutano wake wa Kaplong umeahirishwa.
Nilisema karibu. Ikatoka. Akaketi mbele ya kikapu, kofia gotini.
"Haya, binti. Sijala tangu asubuhi. Funua tuone hiyo miujiza yenu."
Wasichana wakaacha kukata vitunguu. Hata Beldina. Misi alikuwa rafuni anapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.
Mikono yangu ilienda yenyewe kwenye blanketi. Mgeni, tena mzee, tena ana njaa, tena ndiye mwenye kutoa kazi! Nikaishika pembe ya blanketi. Nikaiachia.
"Bado, Baba."
Akasema, "Nini?" Hakusikia. Nikasema tena, safari hii kwa nguvu mpaka Wakonyo akashtuka. "Bado, Baba. Tukifunua sasa hayataiva. Tafadhali ungoje saa tisa."
Akauliza mimi ni wa nani. Nikamwambia wa Nyang'au, laini ya nne ya nyumba za kambi. "Ah. Kwa Nyang'au siku hizi wageni wanangojeshwa." Sikujua kama ni utani. Hakucheka. Sikuomba radhi, sijui kwa nini. Nikawaambia wasichana waendelee kukata vitunguu, wakaendelea.
Saa nane na robo. Amesimama, amevaa kofia. Ameivua. Ameketi tena. Misi amempa gazeti la juzi. Amelisoma upande mmoja.
Saa nane na dakika ishirini. Amevuta kiti karibu. Ameweka kiganja juu ya blanketi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Anasema mbona lina joto, si yatakuwa tayari? Vidole vinatafuta pembe.
Nimemwita jina. Ameinua macho kwangu, mkono haujaondoka. Kabla sijasema neno, Beldina ameweka kisu chini na kumwambia, bila kucheka hata kidogo, "Baba, mwalimu amesema saa tisa."
Mkono bado uko pale. Saa nane na dakika ishirini na tatu — naweka kalamu chini, niende nikalishike blanketi mwenyewe.