Vyao Vipite Kwanza

Mama yetu mpendwa, baba mdogo, kaka na dada zangu, nanyi mashemeji mlioketi nao: shikamooni mnaostahili, na wengine nawasalimu. Barua hii isomwe kwa sauti, na kitinda mimba wetu, fundi wa mitambo, asitoke chumbani.

Mama, goti limepona? Nikikupigia kwa video uso wako huganda mdomo wazi, ilhali jirani yako anatazama filamu za kampuni kubwa bila kukwama, kupitia mnara wetu wa intaneti huo huo ulio juu ya paa lako. Nilistaajabu, nikamwuliza fundi.

"Dada, siku hizi unapima mtandao kwa uso wa mama?"

"Ndicho kipimo nilicho nacho."

Akacheka, kisha akashusha sauti. "Kampuni kubwa inatuuzia intaneti kwa bei nafuu, mradi vyao vipite kwanza. Tukikataa bei itapanda, na wateja watatukimbia."

Simlaumu, anahofia biashara yetu isije ikafa. Lakini wateja walitufuata kwa ahadi kwamba kila kitu kitapita sawa. Mwalimu wa mtaani anafundisha mtandaoni kwa sauti inayokatika, akidhani simu yake ni mbovu.

Basi nimeamua, nikiwa mwenye hisa, kuuvunja mkataba huo, na sahihi yangu iko hapa chini. Inahitajika moja zaidi, ya mama au ya baba mdogo, wenye hisa wenzangu. Ikiwekwa leo, fundi auondoe upendeleo ule mtamboni, nanyi nyote mpite nyumba kwa nyumba mkawaeleze wateja ukweli, pamoja na bei mpya.

Binti yenu wa pili