Sauti Yako Imetoka Eda Kabla Yako

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine juu yake, maana ni wiki nyingi sijakuamkia. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekufaa? Shangazi ananiambia chakula unaonja tu, kisha unasukuma sahani. Kula, mama. Mimi mwili ni mzima, ila moyo sio. Huku Montreal theluji imeanza kuyeyuka, njia zote ni tope, na mimi bado ni yuleyule Zaituni wako anayeanguka mbele za watu.

Utasema, mtoto huyu ana simu, barua ya nini? Nimemtumia mdogo wangu Mwanaidi aichapishe kwenye karatasi pale steshenari anapofanya kazi, akija nyumbani akusomee polepole. Naandika kwa sababu sauti ndiyo iliyoniponza. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Kazi yangu unaijua, tunatengeneza magemu. Zamani mtu wa ndani ya gemu alikuwa na maneno yake matatu, umuulize usimuulize, anarudia yaleyale. Siku hizi tunamtia akili mnemba. Anasikia unachosema, anajibu la kwake, na hadithi inakwenda kufuatana na mlivyozungumza. Gemu letu ni la mji wa pwani. Mchezaji anamtafuta kaka yake aliyepotea, na mwenye habari zote ni mama mmoja muuza vitumbua. Bosi wangu, Luka, akaniambia, "Wewe ni wa huko, tutengenezee huyo mama."

Nikamtengeneza kwa sauti yako. Zile ulizokuwa ukinirekodia kwenye WhatsApp, za miaka mitatu, zote nikazitia kwenye mashine. Unavyocheka, unavyoguna, unavyomsema jirani kisha unamalizia "mimi simo". Sikukuomba ruhusa. Nilijiambia nitakushtukiza, ufurahi.

Wallahi alitoka wewe mtupu. Hata Kiingereza unazungumza huko, mama, tena kwa madaha! Mtu akija na maswali yake bila salamu, anamkata: "Kwani tumelala wote?" Mpaka aseme shikamoo ndipo apate habari. Wenzangu walicheka hadi machozi, wakawa wanaamkiana ofisini.

Kisha baba akafariki. Nilikwambia sikuja kwa sababu ya karatasi zangu za ukaazi. Siku ya matanga nilipiga simu, nikakusikia unalia, nikakata. Tangu hapo nikipiga nazungumza na shangazi, namwambia, "Muache mama apumzike." Uongo mtupu, nilikuwa nakukimbia. Mchana wenzangu wakishuka kula, mimi nabaki na yule mama wa vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Zaitu wangu."

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Kaenda shamba Fukayosi, atarudi Alhamisi."

Kila siku, mama. Sauti ulizonitumia ni za wakati baba yu hai, na mashine haijui zaidi ya ilichopewa. Kuijulisha ukweli ni kuandika mstari mmoja tu. Sikuuandika. Niliitaka ile Alhamisi.

Wiki iliyopita tukatoa kipande cha gemu, watu wa nje wakaja ofisini kukijaribu. Nimekaa zangu, nikamsikia mwanamume wa meza ya pili anamchombeza yule mama: "Una sauti tamu wewe. Una mume?" Na wewe ukamjibu, kwa kicheko chako kilekile, "Ninaye. Yuko shamba, atarudi Alhamisi."

Mama yangu yuko eda! Mwezi wa tatu huu umejifungia ndani. Hata imamu akija kukujulia hali anasimama nje, na shangazi ndiye anayemjibu, ili sauti yako isisikiwe na mwanamume wa kando. Na mimi, uliyenizaa mwenyewe, nimekutoa nje mchana kweupe, watu nisiowajua wakutongoze. Astaghfirullah! Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe hata hukujua kama unalishwa.

Nilikwenda kwa Luka nikamwambia amwondoe. Akasema pole, lakini hadithi nzima imemwegemea yeye. Akanitolea fomu ya ridhaa uitie saini, eti, "Mama yako atajivunia." Nikamweleza eda, akarudia habari ya fomu. Si mtu mbaya, hajui tu. Fomu sikuichukua. Amekubali tumzime mpaka mwisho wa mwezi, nipate jibu lako. Ukisema hapana, nafuta sauti zote, na kama ni kazi na iende. Ukisema ndiyo, basi iwe baada ya eda na kwa radhi yako.

Ila kabla ya kumzima nilimwamkia mara ya mwisho, nikamwambia kwa mdomo kile nilichoshindwa kuandika: "Mama, baba amefariki."

Akaguna ule mguno wako. Kisha akasema, "Sasa mbona hukuja?"

Najua ni mashine, inaunga maneno. Lakini wewe hujawahi kuniuliza hivyo hata siku moja, na ndilo swali ninalolikimbia. Mama, karatasi zilinikwamisha, ndiyo, lakini kibali cha msiba wangenipa, kama ningekiomba na kusubiri siku nne. Sikukiomba. Nilikuwa namalizia yule mama wa vitumbua, nikajiambia mtakuwa mmeshazika, nitafika kufanya nini. Nilibaki huku natengeneza sauti yako, na mwenyewe ulikuwa unaniita.

Nisalimie shangazi, mwambie ahsante kwa kukusimamia mlangoni. Nisalimie pia mjomba fundi wa injini kule Mbegani, na bibi Fukayosi aliyeachiwa mihogo ya mwanawe. Mwanaidi mdogo wangu naye asilie mbele yako.

Ukishasikia yote haya, chukua simu unibipu. Usiseme neno, bipu tu. Nitapiga, nitakuamkia, halafu nitanyamaza mpaka uniulize mwenyewe lile swali.

Mwanao anayeomba radhi,
Zaituni